Tiba ya Uraibu: Inapopatikana na Gharama Zake

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye jamaa walioathirika na dawa za kulevya au pombe wanakumbushwa kuwa uraibu ni maradhi, na maradhi hayo yana tiba.

Kwa mtumiaji wa heroini, tiba ya methadoni hutolewa katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, ilikoanzishwa mwaka 2015. Dawa hiyo ni ya maji, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo haina malipo. Inayobaki ni nauli ya kila siku, ambayo familia inafaa kuipangia mapema. Methadoni haitibu ulevi wa pombe.

Mlevi wa siku nyingi asilazimishwe kuacha pombe ghafla nyumbani. Kifafa na kuweweseka vinavyoweza kufuatia huweza kumuua, aanzie hospitali.

Nyumba za upataji nafuu, maarufu kwa jina la soba hausi, hutegemea zaidi ada za familia. Kabla ya kulipa, iulizwe: Je, nyumba imesajiliwa? Ada inajumuisha chakula na matibabu? Mgonjwa akizidiwa atapelekwa wapi? Malipo yafanywe kwa stakabadhi.

Aidha, ifahamike kuwa aliyeacha heroini akirejea kipimo chake cha zamani huweza kufa, kwani mwili umekwisha kupoteza mazoea. Kwa hiyo, anaporudi nyumbani asiachwe peke yake. Wala akiteleza asifukuzwe, bali arejeshwe kwenye tiba.