Mtu Mzima na Bangi Yake: Uhuru Waishia Wapi?

Huenda umekwisha kusikia mtu kilabuni au gulioni akisema: "Mimi ni mtu mzima. Nikivuta bangi nyumbani kwangu, yamhusu nani?" Usimcheke upesi, wala usimkubali upesi. Neno hilo lilifikishwa mara mbili mbele ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Yafaa tujue majaji waliamuaje.

Katika nchi ile yupo Mrasta mmoja, Gareth Prince, aliyesomea sheria. Alipotaka kuandikishwa katika kazi ya uwakili alikataliwa, kwa kuwa alikwisha kuhukumiwa mara mbili kwa kukutwa na bangi, na tena alisema wazi kwamba hataiacha, maana dini yake yaitumia. Mwaka 2002 majaji watano walimkataa, wanne wakamtetea. Akashindwa kwa kura moja tu!

Hakuchoka. Alirudi pamoja na wenzake kwa mlango mwingine. Safari hii walidai faragha, haki ambayo katiba ya nchi ile humpa kila mtu. Tarehe 18 Septemba 2018 majaji wote walikubaliana, na hukumu iliandikwa na Raymond Zondo, naibu wa Jaji Mkuu wakati ule: mtu mzima akiotesha bangi, akiwa nayo au akiitumia faraghani, kwa matumizi yake mwenyewe, hana kosa la jinai. Mwezi Mei 2024 Rais Ramaphosa alitia sahihi sheria ya kutimiza hukumu hiyo.

Sasa angalia mambo ambayo majaji hawakuyasema. Hawakusema kwamba bangi ni njema. Hawakuruhusu kuiuza, wala kuivuta hadharani, wala mtoto kuigusa. Na sheria ya 2024 yakataza kuivuta karibu na mtoto, hata karibu na mtu mzima asiyeridhia.

Wanaotetea uhuru wana hoja za kweli. Pombe, wasema, yauzwa kwa leseni, na madhara yake twayaona kila siku. Tena kijana aliyefungwa kwa msokoto mmoja hutoka gerezani hana kazi, pengine amejifunza wizi. Je, gereza limemponya?

Lakini wanaopinga nao wana haki ya kusikilizwa. Waganga wasema kwamba karibu mmoja katika kila watumiaji kumi hunaswa na bangi asiweze kuiacha kwa urahisi. Wanaoanza ujanani na kuvuta sana wamo katika hatari kubwa zaidi ya kurukwa na akili, maana ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Tena, fedha ya sare za shule ikiteketea kwa moshi, mama na watoto wakilala njaa, faragha hiyo ni ya nani? Nyumba si ya baba peke yake.

Basi maswali ni mawili, wala tusiyachanganye. La kwanza: je, jambo hili ni jema? La pili: je, serikali imfunge alitendaye? Mtu aweza kujibu "hapana" mara mbili bila kujipinga. Uchoyo na uvivu twavichukia sote, lakini hatumpeleki mchoyo gerezani. Twamwonya, twamfundisha, na watoto twawaonyesha njia nyingine.

Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2015 yakataza kulima bangi, kuiuza na kuitumia, nasi hatuna budi kuitii. Hata hivyo, wazazi wasidhani kwamba askari atawalelea watoto wao. Na kama siku moja sheria ingelegezwa, kazi ya wazazi isingepungua, ingezidi. Asiyemwogopa polisi hana budi kuwa na mlinzi ndani ya moyo wake.

Mlinzi huyo huwekwa mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Zungumzeni na vijana wenu jioni, si kwa fimbo tu, bali kwa sababu zinazoeleweka. Na kijana akiuliza, "Baba, mbona wewe walewa pombe?", msimfukuze. Swali lake ni la haki. Jibu atakaloliamini ni lile atakaloliona Jumamosi ijayo, baba atakaporudi nyumbani mapema, na fedha ingali mfukoni.