Chumvi ya Feri isile breki za gari lako

Pikapu inayobeba samaki kutoka soko la Feri, Magogoni, hukanyaga maji ya chumvi kila siku. Chumvi hiyo hutia kutu pini ambazo kalipa ya breki hutelezea. Zikikwama, pedi ya upande mmoja huisha upesi, gari huvuta pembeni, rimu hupata moto na mafuta mengi hutumika. Kwenye mteremko wa kuingilia pantoni, breki dhaifu ni hatari kwa watu na mali.

Mwenye gari anaweza kuzihudumia nyumbani. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu mengine, legeza nati, inua kwa jeki, kisha liegemeze gari kwenye stendi imara. Toa gurudumu, fungua boliti za kalipa na uifunge kwa waya. Isining'inie kwenye paipu ya breki. Chomoa pini, sugua kutu, paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira.

Pedi ikibaki milimita 3, badilisha za kulia na kushoto kwa pamoja. Nenda Kariakoo na pedi kuukuu ili ulinganishe kabla ya kulipa.

Legeza kifuniko cha oili ya breki, rudisha pistoni polepole. Ikigoma, au oili ikivuja, mwite fundi. Ukishafunga vyote, kanyaga pedali hadi iwe ngumu ndipo uondoe gari.

Asubuhi moja ya kazi hii ni nafuu kuliko diski mpya, au mzigo wa samaki uliooza njiani.