SAUTI NA PICHA ZIENDE PAMOJA

Katika mashamba ya miwa na ya chai hukutana watu wa lugha nyingi, na wengine hawakupata nafasi ya kujifunza kusoma. Kwa hiyo sisi wa chama twapenda mafunzo ya picha: picha moja ya mtu anayepuliza dawa ya wadudu, na maelezo kwa Kiswahili, Kiganda au Kinyoro, kwa kadiri ya watu waliokaa mbele yetu. Lakini sauti ikitangulia, hatari imeingia. Sauti yasema "sasa vua glavu", na katika picha bomba bado halijaoshwa. Mfanyakazi afuate lipi?

Taabu hii ni ya zamani. Katika sinema za mkanda wa milimita 16, sauti ilitiwa picha 26 mbele ya picha yake. Sababu ni kwamba kila picha sharti isimame kidogo mbele ya taa, kisha mkanda uruke, mara 24 kwa sekunde. Sauti haikubali kurushwarushwa. Yataka mkanda upite sawasawa. Basi kila moja ilipewa mahali pake pa kusomwa.

Leo kazi hiyo twaweza kuifanya kwa kompyuta. Iko programu iitwayo Pure Data, iliyoanzishwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, nayo hutolewa bure. Mtu haandiki mistari mirefu ya amri. Huchora visanduku na kuviunga kwa nyuzi, kama fundi umeme aungavyo swichi na taa. Picha huongezwa kwa nyongeza iitwayo GEM. Kubadili lugha huku picha inaendelea ni kubonyeza kisanduku kimoja tu, na ndiyo maana twaisifu.

Ila mzigo ukizidi, mambo huharibika. Kwa kawaida sauti huwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, na programu huzihesabu kwa mafungu ya 64. Fungu moja halifiki hata sehemu mbili kati ya 1,000 za sekunde. Picha kubwa ikichelewa kufunguliwa, mafungu ya sauti nayo yangoja, na spika zinakwaruza. Huyo ni mfanyakazi mmoja aliyepewa mashine mbili, na sisi sote twajua kazi ya namna hiyo huishia wapi.

Yafaa kuifungua programu mara mbili: moja ishike sauti, ya pili ishike picha, na zipelekeane habari. Picha zipunguzwe ukubwa mapema, tena zihifadhiwe kwa namna ambayo kila picha imekamilika yenyewe, kusudi kompyuta isitafute habari zake katika picha zilizotangulia.

Hata hivyo bado zitaachana kama kila upande una saa yake. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Sauti ndiyo iwe saa. Kwa picha 25 kwa sekunde, kila picha ina sampuli 1,764 za sauti. Programu ya sauti itangaze imefika sampuli ya ngapi, na ya picha igawe kwa 1,764 ipate nambari ya picha ya kuonyesha. Ikichelewa, iruke picha moja au mbili, hakuna atakayelalamika. Sauti ikikatika nusu neno, ukumbi mzima utageuka.

Tukikosea kidogo, ni heri sauti ichelewe. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, twaona shoka likishuka kabla ya kusikia mlio, na macho yetu yamezoea hivyo. Wataalamu wa utangazaji wamepima: sauti ikitangulia kwa sehemu 45 kati ya 1,000 za sekunde watu hutambua, bali ikichelewa hutambua ifikapo kama 125.

Kabla ya watu kuingia, chezesheni picha ya mtu anayepiga kofi moja na mwangalie mikono yake. Projekta nyingine za siku hizi huchelewesha picha, basi sauti nayo icheleweshwe kiasi hicho hicho. Pimeni mkiwa katikati ya ukumbi, si penye spika, kwa maana katika banda la mita 34 aliyekaa nyuma kabisa husikia karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye.