Emanueli wa Nkololo ni mwana wa nani?

Chukua daftari la mahudhurio la darasa katika shule za Nkololo, ulisome kutoka kushoto kwenda kulia. Kila unaposogea safu moja unarudi nyuma kizazi kimoja. Safu ya kwanza imejaa majina ya Biblia: Emanueli, Samweli, Elia, Danieli, Yohana. Ya pili, iliyobeba majina ya baba, ni mchanganyiko. Ya tatu, ya mababu, ni Usukuma mtupu: Mabula, Masanja, Makoye, Mayala. Katika jina zima la mtoto mmoja unaona namna familia ilivyosafiri kwa miaka sitini hivi.

Nkololo ni kata ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Ni nchi ya Ntuzu, na wenyeji wake, Wanyantuzu, ni Wasukuma wa upande wa mashariki, watu wa pamba na ng'ombe. Huko jina la Kiebrania lililopokewa vizuri kuliko mengi ni Emanueli. Darasa moja linaweza kuwa na watatu au wanne, na mwalimu asipotaja jina la pili wote watasimama. Upokezi huo hautokani na mitindo tu. Emanueli lilikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina lenye habari ndani yake.

Kwa Wasukuma, mtoto huzaliwa ndani ya tukio, na tukio ndilo humpa jina. Akija mvua ikinyesha ni Mabula, na kama ni wa kike ni Kabula, maana mvua kwao ni mbula. Aliyezaliwa wakati wa njaa, nzala, huitwa Mayala. Makoye ni matatizo: yawezekana nyumba ilikuwa na msiba, au ng'ombe walikuwa wamekwisha, au mimba yenyewe ilikuwa ya mashaka. Magembe ni majembe, Mihayo ni maneno, na hapo mtu anabaki kujiuliza ni maneno ya nani yaliyokuwa yakisemwa mji ule. Yapo hata majina ambayo mzazi hana hiari nayo. Mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, na aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Mgeni akiambiwa jina la Shija, tayari amejua kwamba mbele yake wako wawili.

Na jina halikuwa moja la maisha yote. Mtoto aliyelia usiku na mchana bila ugonjwa kujulikana alipelekwa kwa nfumu, yaani mganga wa jadi, naye akaeleza ni nani miongoni mwa masamva, wazee waliotangulia, anayetaka aitwe. Mtoto akapewa jina la guku wake, yaani babu, na lile la kwanza likakaa kando au likaendelea sambamba. Mtu mzima naye alijipatia mengine kwenye ngoma, kwenye safari na kwenye ugomvi. Yule mtu wa miujiza ambaye Usukuma wote unamjua, Ng'wanamalundi, aliitwa Igulu na wazazi wake. Jina lililobaki kwenye simulizi ni la utani, lililotokana na urefu wa miguu yake. Kwa hiyo siku mtoto alipopewa jina la kanisani, nyumba nyingi hazikuona ajabu: ni jina jingine limeongezwa juu ya yale aliyokuwa nayo.

Kanisa lenyewe lilifika kwa njia mbili. Mapadre wa White Fathers walikuwa Bukumbi, kusini mwa Mwanza, tangu mwaka 1883. Waanglikana wa CMS walifungua misheni Nassa mwaka 1888, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Busega, ndani ya mkoa huuhuu wa Simiyu. Mwaka 1909 waliikabidhi kwa Africa Inland Mission, na huko ndiko lilikoanzia kanisa la AIC la Usukumani. Kwa Wakatoliki wa upande huu, Maswa ilifanywa eneo la kitume mwaka 1950, na mwaka 1956 likawa Jimbo la Shinyanga, likiwa mikononi mwa wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia la kwao, aongeze la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Sheria mpya ya mwaka 1983 ililegeza jambo hilo: sasa inatosha kwamba jina lisiwe kinyume na hisia za Kikristo. Maana yake Mabula anaweza kubatizwa Mabula, na mbingu zisitikisike. Hata hivyo desturi ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Mzazi akifika parokiani au kwa mchungaji, ameshalitayarisha jina la dini. Hata nyumba ambazo hazijaingia kanisani humpa mtoto jina la namna hiyo siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, na wanaliita jina la shule.

Katika majina hayo yote, Emanueli lina bahati ya kipekee. Maana yake haihitaji mtaalamu: kila Krismasi inatajwa madhabahuni kwamba ni Mungu pamoja nasi. Linaishia kwa irabu, ulimi wa Kisukuma hauhangaiki nalo. Wazee hukata mwanzo wake wakasema Manueli, vijana wa stendi wakalifupisha kuwa Ima. Tena msimu wake unakutana na msimu wa Ntuzu. Desemba ni mwezi wa mvua na wa kuhangaikia mbegu za pamba shambani. Mvulana anayezaliwa wiki ya Noeli anaweza kuitwa Emanueli kanisani na Mabula nyumbani, na majina yote mawili yakawa yanasema kweli kuhusu siku hiyohiyo.

Lakini Emanueli ni ndugu wa Mabula kwa namna ya ndani zaidi, na hilo halisemwi sana mimbarini. Jina hilo lilitokea mara ya kwanza katika kitabu cha Isaya, sura ya 7, katikati ya hofu ya vita. Ilikuwa karibu mwaka 734 kabla ya Kristo. Mfalme Ahazi wa Yuda alikuwa anatetemeka kwa kuwa Resini wa Shamu na Peka wa Israeli walikuwa wameungana kuishambulia Yerusalemu. Nabii akampa ishara: mtoto atazaliwa, ataitwa hivyo, na kabla hajajua kupambanua mema na mabaya, nchi za wafalme wale wawili zitakuwa zimeachwa ukiwa. Jina lilikuwa kalenda. Mtu angemtazama mtoto amefikia umri gani, akajua hatari imefika wapi. Ndivyo mama wa Nkololo anavyohesabu miaka: njaa ile ilikuwa mwaka aliozaliwa Mayala.

Isaya mwenyewe aliwapa wanawe majina ya aina hiyo. Mmoja aliitwa Shear-yashubu, kwa maana ya mabaki watarudi. Mwingine aliitwa Maher-shalal-hash-bazi, jina refu kama treni, lenye habari ya nyara zinazokimbiliwa. Hakuna aliyeyapenda hayo Usukumani, na si vigumu kuelewa kwa nini. Ila nfumu yeyote wa zamani angeyatambua. Na Biblia ina mengine: Isaka ni la kicheko cha wazazi wazee, Yakobo ni la mtoto aliyezaliwa ameshika kisigino cha pacha wake. Raheli, akifa kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, baba akabadilisha akamwita Benyamini. Kulwa, Doto, Kashinje na Makoye wangekaa na watu hao kwenye baraza moja bila kuhitaji mkalimani.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba majina ya Biblia ndiyo yanayoyaua majina ya Kisukuma. Kwa miongo kadhaa yaliishi pamoja kwenye mji mmoja: la dini huku, la nyumbani huku. Kinacholisukuma nje jina la nyumbani ni karatasi. Fomu za shule, cheti cha kuzaliwa cha RITA na kitambulisho cha NIDA zinataka majina matatu, na kwa kawaida watu hujaza la mtoto, la baba na la babu. La nyumbani halina chumba. Fomu ikisema jina la ukoo, Msukuma huandika la babu yake, ingawa babu huyo alikuwa mtu mmoja tu, na ukoo wenyewe ni Wabinza au Wasiya au mwingine, ambao haumo kwenye fomu kabisa.

Fanya hesabu. Tuseme mtoto ni Emanueli Mabula Masanja. Akizaa mwana akamwita Danieli, atakuwa Danieli Emanueli Mabula. Danieli akimzaa Samweli, ataandikwa Samweli Danieli Emanueli. Masanja ametoka kizazi cha pili, Mabula kizazi cha tatu. Hakuna padre aliyekataza lolote, wala mchungaji aliyehubiri dhidi ya mvua. Safu zimesogea tu, na mvua ile iliyompa Mabula jina haipo tena mahali popote palipoandikwa.

Karatasi zina vituko vingine pia. Mmoja anabatizwa Emanueli, mwalimu anaandika Emmanuel kwa Kiingereza, na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inasema Imanueli. Kijana anapoomba mkopo wa chuo au kazi, herufi moja iliyopungua inampeleka kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao watatu ni yeye mwenyewe.

Nje ya ofisi mambo huenda tofauti. Ukimsalimu mzee wa Nkololo asubuhi, mwangaluka, hatosheki na jina lako. Atataka kujua wewe ni mwana wa nani, na jibu ni ng'wana fulani. Kwa swali hilo Emanueli hana msaada, maana Emanueli wako wengi. Kijana lazima aseme ng'wana Mabula, na hapo mzee anamweka mahali pake: mji gani, malisho gani, deni gani la mahari lililobaki. Lakini kijana huyo naye akiwa baba, wanawe watajibu ng'wana Emanueli. Siku hiyo jina la Biblia linakuwa jina la Kintuzu kamili, lenye mji na malisho na madeni yake.

Ndiyo maana mzazi wa leo hahitaji kuchagua kati ya Yerusalemu na Ntuzu. Baadhi ya familia zimeamua kulishikilia jina moja la babu na kulirudia kila kizazi kama jina la ukoo. Nyingine zimerudisha la kwao mbele, mtoto akabatizwa Mabula au Kulwa, jambo ambalo tangu mwaka 1983 halina kizuizi kwa Wakatoliki. Njia zote mbili zinafaa. Atakayempa mwanawe Emanueli, na ampe pia sababu: alikuja mwaka gani, mvua ilikuwaje, nyumba ilikuwa inaogopa nini mpaka ikahitaji kusema Mungu yuko pamoja nasi. Isaya alifanya hivyo, na waliompa Mabula jina lake walifanya hivyo. Mtoto akiulizwa kwa nini anaitwa hivyo akawa na la kujibu, desturi ya Wanyantuzu itakuwa hai, jina liwe la lugha yoyote.