Msafiri wa Kujiendea: Tumwite Nani Mtu Asafiriye Peke Yake?

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wetu siku hizi ni ile ya mtu anayeamua ghafla kusafiri, akatia nguo chache katika mfuko wa mgongoni, akaondoka peke yake bila ya kumwarifu mwenyeji yeyote wala kupanga atalala wapi. Mtu huyo haendi kazini, haendi msibani wala harusini, na wala hapeleki bidhaa. Lugha za Ulaya zina neno moja la kumtaja. Kiswahili kina maneno mengi yanayomkaribia, lakini kila moja lina kasoro yake. Katika makala haya tumeona inafaa tuyapime maneno hayo moja baada ya jingine, kwani jina atakaloitwa mtu huyu ndilo litakaloamua apokewe vipi huko aendako.

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mfano mmoja. Kijana wa Dar es Salaam ananunua mfuko wa mgongoni katika maduka ya Kariakoo, kisha anapanda basi kwenda Bagamoyo, mji wa pwani ulio kilomita zipatazo 70 kaskazini. Mwezi ni Aprili, masika yamepamba moto, na wageni mjini ni wachache. Je, huyu ni nani?

Tuanze na mzigo wake. Kariakoo ni mahali panapostahili kwa uchunguzi huu, kwa sababu jina lenyewe limetokana na mizigo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, eneo hilo lilifanywa kambi ya kikosi cha wachukuzi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo, kama vile mtaa wa Nairobi wenye asili hiyo hiyo ulivyoitwa Kariokor. Wachukuzi hao hawakubeba vitu vyao wenyewe. Walibeba chakula na risasi za jeshi, wengi wao kwa kulazimishwa, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu.

Hivyo si ajabu kwamba maneno yetu ya kale ya mbeba mzigo, yaani mpagazi, mchukuzi na hamali, yote humtaja mtu abebaye mzigo wa mwingine kwa ujira au kwa amri. Hata neno mtumba, ambalo leo katika wingi wake humaanisha nguo zilizokwisha kuvaliwa, hapo zamani lilikuwa jina la robota la nguo na bidhaa lililochukuliwa na wapagazi wa misafara. Kwa sababu hiyo hatuwezi kumwita kijana wetu mpagazi, ingawa naye ana mzigo mgongoni. Tofauti yake ni kwamba mzigo ni wake, na hapana aliyemtuma.

Kuhusu mfuko wenyewe, lugha tayari ina neno shanta, lenye asili ya Kiarabu. Watumiaji wengi hulihusisha na askari au mwanafunzi, lakini maana yake, yaani mfuko wenye mikanda unaovaliwa mgongoni, inatosha kabisa. Wauzaji wa Kariakoo wao husema begi la mgongoni, na hilo nalo ni jina linaloeleweka mara moja. Hatuoni sababu ya kulifukuza neno moja ili kulikaribisha jingine. Shanta linafaa kuwa istilahi, na begi la mgongoni libaki katika mazungumzo ya kila siku.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Neno la kwanza linalokuja akilini ni msafiri. Hili ni neno pana mno, kwani hata mfanyabiashara na mgonjwa aendaye hospitali ni wasafiri. Isitoshe, katika mapokeo yetu msafiri huwa na sababu. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, chenye habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao, Selim bin Abakari, alifika mpaka Siberia. Lakini alikwenda huko akiwa amefuatana na bwana wake Mjerumani. Safari yake ilikuwa ndefu, ila haikuwa ya kujichagulia.

Neno la pili ni mtalii. Kitenzi talii, kilichotoka katika Kiarabu, kina maana ya kuangalia na kuchunguza, na kwa asili yake kingemfaa vizuri mtu huyu. Bahati mbaya matumizi yamelibana neno hilo. Kwa wengi mtalii ni mgeni wa kutoka nchi za mbali, mwenye fedha na kamera. Kijana wa Kariakoo akisema mbele ya mpokea wageni kuwa yeye ni mtalii, huenda akachekwa.

Neno la tatu ndilo la hatari, nalo ni mzururaji. Kwa maana ya kamusi, kuzurura ni kwenda huku na huko bila ya kazi maalumu. Ukilitazama juu juu, utadhani limemlenga mtu wetu barabara. Lakini neno hili limepita mikononi mwa sheria na polisi. Tangu enzi ya ukoloni, mtu aliyeonekana mjini bila ya njia dhahiri ya kujikimu aliweza kushtakiwa. Baada ya uhuru, hususan ilipotungwa sheria ya mwaka 1983 iliyojulikana kwa watu kwa jina la Nguvu Kazi, wakazi wa Dar es Salaam walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa mashambani. Mwanamke aliyekuwa peke yake alishukiwa mara mbili: kwa kukosa kazi, na kwa kukosa mtu wa kufuatana naye. Neno likishatumika hivyo haliwezi tena kuwa jina la kawaida, kwani limekuwa shtaka. Mfasiri anayeandika kwamba binti fulani alikwenda Bagamoyo kuzurura amemhukumu kabla hajafika.

Methali zetu zinaonyesha kuwa jamii yenyewe ina nia mbili juu ya jambo hili. Upande mmoja twasema kuwa mtembezi hula miguu yake, yaani atembeaye bila ya shughuli hujichosha bure. Upande wa pili twasema kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure, kwani huyu wa pili huenda akaokota kitu njiani. Kwa hiyo si kweli kwamba dhana hii ni ngeni kwetu. Wazee waliijua, wakabishana juu yake. Kadhalika watu wa pwani wana usemi wa kupunga upepo, ambao hauhitaji udhuru wowote zaidi ya upepo wenyewe.

Basi jina tulitafute wapi? Kwa maoni yetu, jibu limo katika sarufi. Kiswahili kina njia ya kueleza tendo ambalo mtu hulifanya kwa hiari yake, bila ya kuagizwa na bila ya kujali macho ya watu: huunganisha kiambishi cha kujirejea -ji- na kauli ya kutendea. Ndiyo maana twasema anajikalia, anajisemea, anajilalia. Kwa njia hiyo hiyo, mtu anayekwenda zake anajiendea. Neno hili moja limekusanya mambo mawili tuliyokuwa tukiyatafuta, nayo ni uamuzi wa papo hapo na kutokuwa na mwenzi wa lazima. Wala halina harufu ya kosa. Twaweza basi kusema safari ya kujiendea na msafiri wa kujiendea. Kuunda nomino ya neno moja, kama vile mjiendeaji, hatukupendi, kwani ni neno zito ulimini na hapana atakayelisema.

Hapa hatuna budi kuonya juu ya kosa moja. Wafasiri wengine huandika msafiri mpweke. Kuwa peke yako si sawa na kuwa mpweke. Peke yake hutaja idadi, ilhali upweke hutaja huzuni ya moyo. Mtu aweza kuwa mpweke katikati ya msongamano wa Mtaa wa Msimbazi, na asiwe mpweke hata kidogo akiwa peke yake ufukweni.

Jambo la mwisho ni wakati wa safari. Siku hizi husikika kwamba fulani amesafiri nje ya msimu. Msemo huu umefuata Kiingereza, na unakwenda kinyume na maarifa ya pwani. Neno msimu limetokana na neno la Kiarabu mawsim, ambalo ndilo pia chimbuko la jina la Kiingereza la pepo za Bahari ya Hindi. Kwa mabaharia, msimu ulikuwa upepo wenyewe: kaskazi iliyowaleta wageni, na kusi iliyowarudisha kwao. Pwani haina wakati ulio nje ya msimu. Kinachobadilika ni msimu gani umeingia. Katika taarifa za biashara ya wageni, msimu wa wageni wachache ni maelezo yaliyo wazi. Wauza bidhaa husema biashara imedoda, lakini huo ni mtazamo wa mwenye duka. Katika masimulizi ya kawaida yatosha kutaja majira kwa jina lake: alikwenda Bagamoyo wakati wa masika.

Tena Bagamoyo ni mahali pa kutukumbusha jambo. Jina la mji huo huhusishwa na maneno bwaga moyo, na wengi hulieleza kwa habari za wapagazi waliotua mizigo yao hapo baada ya mwendo wa miezi mingi kutoka bara. Mji uliokuwa mwisho wa safari za kutumwa waweza sasa kuwa mwanzo wa safari za hiari. Mgeni wetu akifika ataulizwa mambo ya kuandikwa katika daftari la nyumba ya kulala wageni: atokako, aendako, na sababu ya safari. Kama lugha haikumpa jibu la heshima, atasema uongo kwamba amekuja kumwona shangazi, au atanyamaza na kushukiwa.

Kwa muhtasari, tunapendekeza shanta kwa mfuko, safari ya kujiendea kwa tendo, msafiri wa kujiendea kwa mtu, na msimu wa wageni wachache kwa wakati. Neno mzururaji liachiwe historia, wala lisitumike kufasiri dhana hii. Neno mtalii nalo lirudishiwe upana wake wa asili, ili mwananchi naye aweze kuitwa mtalii katika nchi yake.

Twafahamu kuwa istilahi haishiki kwa kupendekezwa tu. Neno daladala halikutungwa na kamati yoyote. Lilizaliwa vituoni Dar es Salaam katika miaka ya 1980, kutokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala, na kamusi zikalipokea baadaye. Hivyo tunawaomba wasomaji wetu walipime neno hili huko mitaani na safarini. Siku mpokea wageni atakapouliza sababu ya safari, akajibiwa, “Ninajiendea tu,” naye akaandika na kumkabidhi mgeni ufunguo bila ya kuinua macho, hapo tutajua kuwa neno limeshika.