Mti wa Mtumbwi Kando ya Mto Tana

Mtumbwi wa kuchonga, yaani chombo kinachotolewa katika gogo moja bila kuunganisha mbao, huamuliwa ubora wake mti ungali umesimama. Waunda majahazi wa Lamu huthamini mbao ngumu na hata matawi yaliyopinda kwa asili, ili wapate mataruma, ambayo ni mbavu za chombo, pasipo kuzikata nyuzi za mti. Mchonga mitumbwi wa Kipokomo, kuanzia vijiji vilivyo juu ya Garsen hadi karibu na Kipini, hutaka shina nene, lililonyooka, lisilo na matawi ya chini, na jepesi. Ndiyo maana mkuyu, ambao seremala wa samani huudharau kwa ulaini wake, hupendwa hapa, pamoja na mwembe na mwalole, mti wa jamii ya mipopla unaomea kandokando ya mito michache tu. Ulaini huo unavumilika kwa kuwa maji ya mto hayana wale viumbe wa baharini watoboao mbao, ambao kwa ajili yao mabaharia hupaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta.

Shina hugongwa kwa mgongo wa shoka, na mlio wa uwazi huashiria kuoza ndani. Mistari ya gome ikizunguka shina, nyuzi nazo zimejisokota, na mti wa namna hiyo ukikauka hukipotosha chombo.

Gogo likishaangushwa halisubiriwi likauke, bali huchongwa likiwa bichi, na sababu si kwamba tezo, yaani shoka la kuchongea, hulila kwa urahisi tu. Mti hausinyai sawasawa: kufuata duara za ukuaji husinyaa kiasi cha mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kuelekea gome, na kwa hiyo gogo zima likikauka hupasuka. Fundi anapokifukua kiini huondoa mahali ambapo nguvu hizo hukabana, na kuta zilizobaki hupata nafasi ya kujikunja bila kuchanika. Omo na tezi, yaani ncha za mbele na nyuma, huachwa nene kwa sababu unyevu hutoka upesi zaidi pale nyuzi zilipokatwa. Kisha chombo hukaushwa polepole kivulini, na ikiwa unene wa kuta haulingani, upande mwembamba hutangulia kukauka na ufa hufuata.

Lililo zito zaidi ni kwamba miti hii yenyewe hutegemea mafuriko. Mbegu za mwalole ni ndogo mno, hazidumu, na huhitaji tope jipya, lenye unyevu na lisilo na kivuli, ambalo mto huliacha unapopungua baada ya masika au vuli. Mabwawa ya juu ya mto, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981 na la Kiambere la 1988, yamepunguza nguvu ya mafuriko hayo, na mti usiorithiwa na miche haupaswi kukatwa kana kwamba una mrithi. Mkuyu nao hulisha mbega wekundu wa Tana, wasiopatikana kwingine duniani, ambao hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Kwa fundi wa leo, mwembe wa shambani uliochoka kuzaa ni chaguo la busara kuliko mwalole wa msituni. Na kwa wanaoyasimamia mabwawa, kuyafungulia maji kwa majira ambayo mbegu hudondoka ni sehemu ya utunzaji wa ufundi huu sawa na kumfunza kijana kushika tezo.