Venice: Mgeni wa Siku Moja Ndiye Anayelipa Zaidi

Mwaka 2024 mji wa Venice, kaskazini mwa Italia, ulianza kutoza kiingilio. Kwa siku 29 zilizotangazwa, kuanzia Aprili 25, mgeni aliyeingia asubuhi na kuondoka jioni alitakiwa kulipa yuro 5. Aliyelala mjini hakulipa. Alijiandikisha tu akapewa namba ya msamaha. Mwaka 2025 siku hizo ziliongezwa hadi 54, na aliyechelewa kulipia mapema alitozwa yuro 10. Makusanyo ya mwaka wa kwanza yalifika takriban yuro milioni 2.4.

Mfanyabiashara anayeisoma habari hii ataona haraka kilichofanyika. Mji umeamua kwamba mteja wa saa sita, anayekuja na maji yake ya kunywa na kuondoka na picha, ana gharama kubwa kuliko faida yake. Lakini kiingilio ni sehemu ndogo tu. Ukizipitia bei za Venice moja baada ya nyingine, utakuta karibu zote zimepangwa kwa namna ambayo mwenye haraka hulipa zaidi na mwenye subira hulipa kidogo. Wasomaji wetu kadhaa siku hizi husafiri Ulaya kwa maonyesho ya biashara au kutembelea jamaa, kisha huongeza siku mbili tatu za kutalii. Tunawashauri wapige hesabu upya.

Tuanze na gharama za kudumu, yaani zile usizoweza kuzikwepa hata ukikaa siku moja. Kwa Mtanzania au Mkenya kuna viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, hairudishwi hata ukinyimwa. Kuna bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Kuna nauli ya ndege. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba vyote hivi vimekula yuro 1,200. Ukikaa siku tatu, kila siku imebeba mzigo wa yuro 400 kabla hujala wala kulala. Ukikaa siku 24, kila siku imebeba yuro 50. Ni hesabu ile ile ya mashine ya kusaga: ukiinunua na kusaga gunia moja kwa wiki, unga wako utakuwa ghali kuliko wa dukani.

Gharama zinazobadilika nazo zina tabia ya kushangaza. Venice haina magari. Ni visiwa zaidi ya mia moja vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya mia nne, na usafiri wa umma ni boti. Kwa bei za mwaka 2024, tiketi moja ya boti, inayotumika kwa dakika 75, ilikuwa yuro 9.50. Tiketi ya siku nzima yuro 25. Tiketi ya siku saba yuro 65, ambayo ni kama yuro 9.30 kwa siku. Kwa maneno mengine, mwenye tiketi ya wiki alisafiri kutwa nzima kwa bei ambayo mgeni wa haraka alilipia safari moja. Na aliyekaa wiki tatu alijifunza jambo jingine: kutoka stesheni ya reli hadi uwanja wa San Marco ni mwendo wa miguu wa nusu saa na ushei, na miguu haina tiketi.

Gondola ni mfano ulio wazi zaidi. Bei rasmi ya mchana tangu mwishoni mwa 2023 ni yuro 90 kwa nusu saa, chombo kizima. Hata hivyo, katika sehemu chache za Mfereji Mkuu ipo gondola ya kuvusha watu kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mgeni alikuwa akilipa yuro 2. Safari ni ya dakika chache. Anayeishi pale wiki mbili atakiona kivuko hicho, kwa sababu kitamfupishia njia ya sokoni. Mgeni wa siku moja hupita karibu nacho asijue.

Kodi ya malazi hufuata mkondo huo huo. Venice imekuwa ikiitoza tangu 2011, kwa kila mtu kwa kila usiku, kiasi kikitegemea daraja la nyumba; lakini hutozwa kwa usiku tano za mwanzo tu mfululizo. Usiku wa sita hauna kodi.

Kuhusu mahali pa kulala, kuna njia ya mkato inayojulikana: kulala Mestre, upande wa bara, ambako hoteli ni nafuu na treni hufika kisiwani kwa dakika kumi hivi. Mestre ni sehemu ya manispaa hiyo hiyo, hivyo anayelala huko naye husamehewa kiingilio. Kwa mtu wa siku tatu mwenye mfuko mwembamba ni sawa. Kwa anayekaa mwezi hatushauri, maana bidhaa anayoinunua ni asubuhi kabla makundi hayajafika na jioni baada ya kuondoka, na ukilala bara bidhaa hiyo hutaipata kwa urahisi.

Sasa, mtu atafanya nini mwezi mzima katika mji unaovukwa kwa saa moja? Kwa wasomaji wa ukurasa huu jibu letu ni Rialto. Nenda asubuhi, Jumanne hadi Jumamosi, soko la samaki likiwa wazi. Nenda mara ya pili, ya tatu, uone bei zinavyoshuka kuelekea mchana, na muuzaji aanze kukutambua. Karibu na hapo lipo kanisa dogo la San Giacomo, ambako mabenki ya Venice yalikuwa na meza zao. Mteja alifika, akatamka kiasi cha kuhamishia kwa mwenzake, na karani akakiandika katika daftari, fedha yenyewe isiguswe. Mwaka 1587 serikali ya mji ilifungua benki yake ya umma hapo hapo.

Sisi tuliosoma biashara tuna sababu nyingine ya kutembea mitaa hiyo taratibu. Kitabu cha Luca Pacioli, kilichoeleza kwa mara ya kwanza katika chapa namna ya kuandika kila muamala pande mbili, debiti na krediti, kilichapwa Venice mwaka 1494. Pacioli hakudai kuubuni utaratibu huo. Alieleza uliokuwa ukitumiwa na wafanyabiashara wa mji. Mwandishi wa makala haya aliukariri darasani bila kuambiwa kwamba ulitoka kwa wauza viungo na vitambaa. Walimu wetu wangetupunguzia usingizi.

Siku nyingine panda boti uende Murano, kisiwa ambacho tanuri za vioo zilihamishiwa mwaka 1291. Lipo jumba la makumbusho ya kioo. Hapo Mwafrika Mashariki asipite haraka, kwa kuwa ushanga wa kioo wa Venice ulifika Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19 na ukaingia bara na misafara ukiwa kama fedha. Richard Burton, aliyesafiri njia hiyo kuanzia 1857, aliandika kwa kirefu aina za ushanga na jinsi kila eneo lilivyokuwa na rangi yake. Msafara uliobeba rangi isiyopendwa huko ulikokwenda ulikuwa umebeba hasara. Anayeagiza vitenge leo ataelewa.

Upo upande wa pili wa leja, na haifai kuufunika. Mwaka 1951 mji wa visiwani ulikuwa na wakazi karibu 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Duka moja la dawa katika uwanja wa San Bartolomeo limekuwa likionyesha idadi hiyo dirishani tangu 2008, namba ikipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2023 kikundi cha raia waliokuwa wakihesabu vitanda vya wageni kilitangaza kwamba vimewazidi wakazi. Mwenye nyumba anapata zaidi kwa mgeni wa wiki kuliko kwa mwalimu wa mkataba wa miaka minne, basi anachagua mgeni. Mwaka 2022 bunge la Italia liliipa Venice mamlaka ya kuweka kikomo kwa upangishaji wa muda mfupi. Serikali nayo, kuanzia 2024, iliongeza kodi ya mapato ya upangishaji huo kutoka asilimia 21 hadi 26 kwa nyumba ya pili na kuendelea.

Kwa hiyo mgeni wa mwezi si malaika. Ananunua mboga sokoni na kupeleka viatu kwa fundi, jambo ambalo mgeni wa siku moja hafanyi, lakini kama amepanga fleti basi amekalia nafasi ya mkazi. Kwa maoni yetu, njia yenye madhara madogo ni nyumba ya wageni yenye leseni au chumba katika nyumba ambayo mwenyewe anaishi. Anayepanga fleti kwa zaidi ya siku 30 ajue kwamba sheria ya Italia inataka mkataba usajiliwe katika mamlaka ya kodi. Mwenye nyumba akikuambia karatasi si lazima, tafuta nyingine.

Majira: katika 2024 na 2025 siku za kiingilio ziliangukia kati ya Aprili na Julai. Bei za vyumba hushuka Novemba, na tena Januari baada ya sikukuu hadi karibu na karnivali. Ni miezi ya baridi na ya maji kujaa. Novemba 12, 2019 maji yalipanda sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 malango ya chuma mdomoni mwa wangwa huinuliwa kuzuia mafuriko makubwa, ingawa uwanja wa San Marco, ulio chini sana, bado huweza kulowa. Chukua viatu vya mpira.

Viza ya Schengen hairuhusu zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na siku ulizokaa Ujerumani au Ufaransa huhesabiwa humo humo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe siku 15 za mwisho. Anayelenga Novemba apeleke karatasi zake za benki mwezi Agosti.